Sketi ya Dangirizi

Nguo nzito ya buluu ikipigwa pasi kabla haijakauka sawasawa hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ina mvuke, ina sabuni ya kipande, ina kitu kama chuma kilichopata joto. Juzi nilikuwa napiga pasi longi ya jinzi ya kijana wangu, ambayo aliinunua ikiwa imeshachanwa magotini, imepaushwa mapajani na kushonewa viraka visivyoziba chochote. Nilitaka kumwuliza kama walimpunguzia bei kwa sababu ya yale matundu, nikaigeuza tu upande wa pili. Watoto wa siku hizi ukiwatania kuhusu nguo wanakuonea huruma. Pasi ilipogusa mshono wa kiunoni ule mvuke ukanipanda puani, nami nikajikuta mtaani Huruma, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tatu, jioni ya Jumapili, Mama ameinamia pasi ya makaa na Baba amekaa kitandani akimwangalia kana kwamba anayepigwa pasi ni yeye.

Nikuambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani, usije ukanidhania makubwa. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipokuwa wakiruka kamba kule chini uani, au wakizurura hadi mtoni kutazama vitu ambavyo hawakutakiwa kuvitazama, mimi nilikuwa juu ya kigoda karibu na dirisha, sindano mkononi. Dada yangu mkubwa, Nasimiyu, alikuwa akisema kwamba siku nyumba itakaposhika moto nitawaomba wazima moto wanisubiri nimalize mshono. Watu walidhani ni upole. Ulikuwa uvivu wa ngazi tu. Ukishuka chini Huruma ilikubidi upande tena, na mimi sikuona kilichokuwa chini cha kunifanya nipande ghorofa tatu.

Kushona nilifundishwa na Mama, na Mama alijua kutarizi vitambaa. Vile vitambaa vyeupe vyenye maua, ambavyo kila nyumba yenye kujiheshimu ilivitandaza juu ya viti, juu ya meza, juu ya redio, na vikizidi, juu ya vitambaa vingine. Tulikuwa na mchoro mmoja wa waridi ambao Mama aliurithi kwa mke wa mchungaji. Tuliunakili juu ya kitambaa kwa karatasi ya kaboni, na waridi hilo hilo lilichanua katika nyumba za korido nzima. Nilipofika darasa la sita ningeweza kulishona nimefumba macho. Hakuna kingine nilichojua kushona.

Baba alikuwa akifanya kazi Indastria, kwenye kiwanda cha misumari. Mimi ndiye niliyepewa jina la mamake, Nekesa, kwa hiyo hakuniita Nekesa hata siku moja. Aliniita Mama. Jioni alisimama mlangoni na kusema, "Mama, mwanao amefika, ana njaa," nami nilikuwa na wajibu wa kumkemea kwa kuchelewa na kumwuliza alikuwa anacheza na akina nani. Mama halisi alikuwa jikoni akitusikiliza wajinga wawili. Jikoni, yaani upande wa pili wa pazia.

Nguo zake za kazi zilikuwa za dangirizi, suruali na koti fupi, buluu iliyokoza, na jina la kiwanda limeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya mfuko wa kifuani. Kisha nyaya za kutengenezea misumari zikaacha kuja. Nyapara aliwakusanya wafanyakazi langoni akawaambia waende nyumbani, wataitwa nyaya zikifika. Akaongeza neno moja ambalo nyumbani kwetu lilirudiwa hadi tukalijua kwa moyo: kila mtu aitunze dangirizi yake, maana siku ya kuitwa, atakayekuja bila dangirizi nafasi yake itapewa mwingine.

Basi dangirizi ikawa mtu wa tano katika nyumba ile. Ilikuwa na msumari wake ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu juu yake. Jumamosi ilifuliwa ijapokuwa haikuwa imechafuka. Jumapili jioni ilipigwa pasi. Jumatatu alfajiri Baba aliivaa, akateremka, akatembea hadi Indastria kuuliza. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi. "Bado," alisema, akaivua, akaitundika. Hakuwahi kuikalia ndani ya nyumba. Alisema itapata mikunjo.

Sasa, katika majira hayo hayo jinzi zilikuwa zimetuingia kama homa. Jinzi kavu, iliyotoka hivi hivi dukani, ilikuwa haitoshi, ilibidi uipambe. Wavulana walifunga mawe kwenye suruali kwa kamba na kuzitumbukiza katika maji ya dawa ya kung'arisha nguo, zikatoka na madoa kama chui mgonjwa. Wasichana walifumua miguu ya suruali kuukuu, wakapachika kipande cha kitenge katikati, ikawa sketi. Kisha walishonea vifungo, shanga, utepe, nyota za kitambaa, chochote kilichopatikana. Wambui, jirani yetu wa mlango wa kutazamana, alikuwa na sketi ya jinzi yenye zipu tatu, na hata moja haikufungua mahali popote.

Wambui na mimi tuliimba katika kikundi cha vijana kanisani. Mwalimu wa nyimbo alikuwa ametangaza kwamba siku ya Pasaka wasichana wote watavaa sketi za jinzi, kila mmoja aipambe atakavyo, na asiye nayo asimame mstari wa nyuma, asiharibu picha. Mstari wa nyuma ulikuwa wa watu warefu. Mimi nilikuwa mfupi kiasi kwamba nyuma ya warefu hao ningeimba nikiwa nautazama mgongo wa mtu hadi Amina.

"Nekesa, utavaa nini Pasaka?" Wambui aliniuliza tukiwa koridoni.

"Nguo."

"Nguo gani?"

"Ya kufunika mwili."

"Basi sisi tutakuimbia, wewe utusaidie kupumua kule nyuma."

Nilimwendea Mama. Mama aliniambia jinzi yangu iko dukani, imemtuma anisalimie. Nilimwendea Nasimiyu, naye akaniambia nijitarizi waridi magotini, watu watadhani ni nguo. Kwa Baba sikwenda. Hata mimi, pamoja na kujipenda kwangu, niliona kwamba mtu anayesema bado na kutundika dangirizi kila Jumatatu haombwi jinzi. Lakini chumba kilikuwa kimoja. Aliyasikia yote kutoka pale kitandani.

Kisha ikafika Jumatatu ambayo Baba hakurudi kabla ya chakula. Tulikuwa likizo, mimi na Nasimiyu tulikuwa ndani. Mama alisonga ugali wake, akaufunika. Jua likahama dirishani. Nilimwona Mama akiutazama ule msumari mtupu ukutani, na uso wake ukaanza kulegea. Nafikiri hata mimi nilianza kuamini. Mtu asiporudi kutoka kazini ni kwamba yuko kazini.

Alirudi jua likiwa limeshuka. Viatu vyake vilikuwa na vumbi hadi kwenye kamba. Aliingia nyuma ya pazia, akavua dangirizi, akatoka amevaa suruali yake ya kaki. Msumarini hakwenda. Aliikunja suruali juu ya koti, akaja nayo hadi kwenye kigoda changu, akaniwekea mapajani.

"Mama, si ulikuwa unataka jinzi?"

"Hii si jinzi, Baba. Hii ni dangirizi."

"Zina tofauti gani?"

"Jinzi haina grisi."

Alicheka kidogo, puani. "Ipambe basi. Kata utakavyo."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika mwiko, hautii wala hautoi. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa kuwa lile neno la nyapara tulilijua sote. "Na wakikuita?"

"Watatupa mpya," Baba akasema.

Mama aliweka mwiko chini. Akachukua mtungi, akashuka kwenda bombani. Nasimiyu akamwita, "Mama, maji saa hizi?" maana Huruma nzima ilijua kwamba bomba letu lilitoa maji alfajiri tu, na baada ya hapo lilitoa upepo. Tulimsikia akishuka ngazi zote tatu, polepole, mtungi ukigonga ukuta.

Mimi sikuwa na nafasi ya kufikiria mambo ya bomba. Nilikuwa nimeshachukua wembe.

Nikuambie namna ya kuigeuza suruali kuwa sketi, ikiwa hukuwahi. Unafumua mshono wa ndani wa mguu, kutoka pindo hadi mapajani, miguu yote miwili. Suruali inakuwa kama mtu aliyeshtuka. Unalaza pande za mbele juu ya kipande cha pembetatu, unafanya hivyo hivyo nyuma, unashona. Kwa maelezo ni rahisi. Dangirizi, lakini, hushonwa na watu waliokusudia isifumuke hadi Kiyama. Wembe ulinikata vidole, uzi ulitoka vipande vidogo vidogo kama ndevu. Ndani ya mishono nilikuta vumbi la chuma, jeusi, laini, likimetameta kila nilipolipuliza. Magotini kitambaa kilikuwa kimepauka miviringo miwili, mahali Baba alipopiga magoti mbele ya mashine miaka yote hiyo. Nasimiyu aliiona ile miviringo akasema, "Wenzako wanatafuta dawa wapate rangi hiyo. Wewe umepewa bure."

Grisi haikutoka. Nilisugua kwa sabuni, kwa jivu, kwa ile dawa ya kung'arisha aliyoweka Mama kwa vitambaa vya kanisa. Doa lilibadilika rangi kidogo, likabaki. Basi nikalizungushia waridi. Kila palipokuwa na doa pakaota waridi, na kwa kuwa madoa yalikuwa mengi, bustani ikawa kubwa. Uzi niliufumua kutoka kwenye sweta la shule lililokuwa limembana Nasimiyu, kwa hiyo mawaridi yangu yalikuwa ya kijani kibichi. Koti nilikata mikono, likawa kizibao. Pale kifuani, juu ya jina la kiwanda, nilishona waridi kubwa kuliko yote, uzi maradufu, hadi ile nyekundu ikapotea kabisa.

Nilipomaliza niliinyanyua. Nasimiyu alishika kidevu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Umesahau kuandika Karibu Wageni," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshona kifuniko cha kochi. Hata pindo nilikuwa nimelizungushia yale mawimbi ya kitambaa cha meza, bila kukusudia, mikono ikifuata yale iliyoyazoea. Lakini ilikuwa buluu, ilikuwa nzito, ilikuwa na mishono miwili miwili pembeni. Niliivaa nikatoka koridoni.

Wambui alinizunguka kama anayenunua ng'ombe. Alitaka kunicheka, nikamwona akitafuta pa kuanzia, pakawa pengi mno. Akauliza tu, "Umeitoa wapi?"

"Ni ya Baba ya kazini. Haihitaji tena, anapewa mpya. Wamewaita."

Nilisema hivyo. Sikudanganya. Kwangu mimi watu hawapewi nguo mpya za kazi kama hawana kazi, na Baba alikuwa amechelewa kurudi, na dangirizi ilikuwa mapajani pangu. Niliyapanga yote yakakaa sawa kama mchoro kwenye karatasi ya kaboni. Wambui alimwambia mamake. Mamake alimwambia mwenye kibanda cha mboga chini. Kufikia jioni korido yote ilikuwa imefurahi.

Baba Wambui alibisha hodi tukiwa tunakula. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuuza makaa.

"Baba Nasimiyu, tumesikia mambo mazuri."

"Mambo gani?"

"Unatuficha na mtoto ameshatangaza? Mmeitwa. Mungu yupo."

Baba aligeuza uso akanitazama. Nilikuwa kwenye kigoda changu, na dangirizi yangu, nimetabasamu kama mtu aliyelipia nyumba. Mama alikuwa ameinamia sahani yake. Nasimiyu aliacha kutafuna. Nakumbuka jirani yetu akingoja amecheka tayari.

"Ni kweli," Baba akasema. "Tumeambiwa kitu kama hicho."

"Mnaanza lini?"

"Kesho."

"Basi usinisahau, ndugu yangu. Kuna mdogo wangu amefika kutoka nyumbani. Nguvu anazo. Akili tutamtafutia huku huku."

"Nitamwuliza nyapara."

Baba Wambui alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtikisa, akaondoka akipiga mluzi. Mama aliinuka akatoa sahani ya Baba, ingali na ugali, na Baba hakumzuia. Kisha Baba akaniita.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Kesho uniamshe mapema."

Akaenda kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku ya kazi baada ya hapo. Alivaa ile kaki. Watu wakiuliza, alisema nguo mpya wanavalia huko huko kiwandani. Jioni alirudi na vumbi la viatu, akala kidogo, akalala. Mchezo wetu wa mlangoni tuliuendeleza. Nilimwuliza alikuwa anacheza na akina nani, naye akajibu, "Na wenzangu tu, Mama." Yule mdogo wake Baba Wambui alikuja kuuliza majibu mara kadhaa. Baba alimwambia awe na subira.

Pasaka nilisimama mstari wa mbele. Wavulana waliokaa ukutani nje ya kanisa walinipokea kwa heshima zote. "Niaje, kochi," mmoja akasema, na mwingine akauliza kama panakaliwa na watu wawili au watatu. Jina hilo lilinifuata hadi nilipoondoka mtaani. Nililivaa bila kinyongo, kwa maana kochi angalau liko mbele sebuleni.

Baba alikaa viti vya mwisho. Baada ya ibada aliniambia nigeuke anione, nikageuka. Alisogea, akaweka kidole juu ya lile waridi la kifuani, akalipapasa kama anayetafuta kitu chini yake.

"Umelifunika vizuri," akasema. "Halionekani kabisa."

Nilidhani ananisifu kazi ya sindano.

Muhula uliofuata haukuisha. Mama alifunga vyombo kwenye magunia, akatuambia tunakwenda Bungoma, kwa babu, kwa muda, Baba atatufuata akipata ruhusa kazini. Ule muda ndio tulioumalizia shule. Baba alikuja baadaye, mwembamba, bila nguo yoyote mpya, akalima kipande cha babu hadi alipofariki, na misumari hakuitaja tena. Sketi ilichukuliwa na binamu yangu, sijui akaipeleka wapi.

Mengine niliyajua kwa vipande. Mama alitusimulia, tukiwa watu wazima, kwamba ile Jumatatu ya kuchelewa Baba alikuta lango limefungwa kwa mnyororo, mashine zinapakiwa kwenye malori, na nyapara mwenyewe amesimama nje pamoja na wafanyakazi. Walikaa pale hadi lori la mwisho lilipoondoka. Nasimiyu naye alisubiri hadi wote tumeolewa ndipo aliponiambia kwamba siku moja, akitumwa uzi Kariobangi, alimwona Baba amekaa juu ya kalvati la mfereji karibu na kiwanda cha mbao, ametandika gazeti chini ili kaki isichafuke, anatazama magari. Nasimiyu alijificha nyuma ya kibanda. Hakurudia njia hiyo. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza ningemwambia nini yule mtu asubuhi.

Maana kumwamsha ndiyo ilikuwa kazi yangu, asubuhi. Niliamka kabla ya wote, mimi ambaye sikuwahi kuamkia kitu, nikapita kati ya vyombo gizani hadi upande wake wa kitanda. Nilimkuta kila mara amelala ubavu, macho yamefumbwa, pumzi ndefu. Nilimgusa bega kwa kidole kimoja tu, nikamwita, naye akafungua macho papo hapo, hana usingizi hata chembe, akasema, "Asante, Mama, ningechelewa." Nilijivunia sana. Niliwaambia watu kwamba nina mkono mwepesi, najua kuamsha mtu bila kumshtua.

Miaka mingi baadaye, mwezi ambao na mimi nilikuwa nimepoteza kazi, sina pa kwenda, nililala ubavu hivyo hivyo kukipambazuka, nimefumba macho, nikivuta pumzi ndefu, nikisikiliza miguu ya mwanangu ikija kwenye sakafu.